Ngurumo na Hesabu ya Baruti

Kijiwe cha Mtumbwi kipo pale barabara ya Katonga inapoanza kupanda mlima kwenda Mwanga. Kinaitwa hivyo kwa sababu benchi lake ni mtumbwi wa zamani uliolazwa kifudifudi, ukastaafu kuvua dagaa na kupewa kazi nyepesi ya kubeba makalio ya watu wasio na haraka. Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Maboti yanashusha watu ufukweni kila kukicha, malori ya mahindi na maharage yanapishana kwenda makambini, na katikati ya mlima umekaa mwamba mmoja mnene, watu wanauita Kisogo, umejitokeza barabarani kama mtu aliyekupa mgongo makusudi. Kila lori lililopita pale liliacha rangi ya ubavu wake. Mwisho kampuni ya barabara ikachoka, ikamleta fundi baruti. Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuupasua Kisogo: barabara imefungwa, birika la Bona linafuka, na kijiweni hakuna hata nafasi ya kuweka kikombe.

Aliyefunga barabara ni Ngurumo.

Jina la kuzaliwa ni Abdulatif, mtoto wa Ujiji, mama yake anakaanga vitumbua. Shule aliiacha darasa la tano kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, mwalimu aliishiwa. Akaenda machimboni upande wa Kahama, akarudi na buti, miwani ya jua yenye kioo kimoja kilichopasuka, na mdomo. Buti zilichakaa, miwani ikaibiwa, mdomo ukazidi kunenepa. Huko machimboni alikuwa anashika bendera nyekundu ili watu wasipite wakati wa kulipua. Lakini kwa kuwa Kahama ni mbali na nauli haichezewi, hakuna mtu wa Katonga aliyewahi kwenda kuhakikisha, na Ngurumo akajipandisha cheo mwenyewe, safari baada ya safari, kikombe baada ya kikombe, mpaka akawa fundi baruti mkuu wa machimbo yote.

Sasa siku hiyo uongo wake ulikuwa umekaribia kabisa kuwa kweli.

Asubuhi fundi mwenyewe, Bwana Oswald, alimwita chini ya mwamba. Oswald alikuwa mtu mfupi wa maneno machache, mwenye sikio moja linalosikia na lingine la urembo tu. Lile baruti ilishalichukua miaka mingi nyuma.

— Umewahi kufanya kazi mgodini?

— Fundi, mgodini ndiko kwetu! Mimi baruti nilikuwa naiwekea kichwa kama mto, nalala…

— Nimekuuliza umewahi au hujawahi.

— Nimewahi.

— Unajua kunyamaza?

Ngurumo akacheka, akidhani ni utani. Oswald hakucheka. Alichota kokoto ukingoni mwa barabara, akamjazia kiganja.

— Zote weka mfuko wa kushoto. Tambi za baruti nimezikata urefu tofauti, kila shimo litalia peke yake kwa zamu. Mshindo mmoja, kokoto moja, unaihamishia mfuko wa kulia. Mimi nitakuwa nimejificha upande wa pili, na sikio langu unaliona lilivyo. Kwa hiyo wewe ndiye sikio.

— Mashimo ni mangapi, fundi, nijiandae?

— Sikwambii. Ukishajua idadi utaisikia hata kama haipo. Na sikia, kijana: shimo lisilolia halijafa, limelala. Wa kwanza kupanda kule juu kukagua ni mimi. Ukinipa hesabu safi, kesho unavaa kofia ngumu, tunakwenda wote Kasulu. Msaidizi wa fundi baruti.

Msaidizi wa fundi baruti! Ngurumo alishuka mlima huku miguu haigusi chini. Cheo alishakitangaza Ujiji nzima tangu mwaka juzi. Ilikuwa imebaki kazi yenyewe tu.

Basi akafika kijiweni, akachomeka bendera nyekundu kwenye ufa wa mtumbwi, akasimama wima kama askari wa mkuu wa mkoa, mdomo kaubana. Nia yake ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba kijiwe kilikuwa kimejaa.

— Hee, Ngurumo kabana mdomo! alisema Mzee Pastory. Huyu mzee wanamwita Stesheni, kwa sababu alifanya kazi reli mpaka akastaafu na hajui kuzungumza jambo lolote bila kupitia reli. — Bona, mwongezee kahawa, huyu mtoto anaumwa.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Umemeza nini?

— Niko kazini.

— Kazini! Gahungu akapiga paja. — Yoo! Jamani mmesikia?

Gahungu ndiye Jenerali. Alivuka kutoka Burundi ule mwaka sabini na mbili akiwa kijana, akaoa hapa, akalima hapa, akafuga mbuzi na mvi hapa hapa. Cheo alipewa na koti lake la mtumba lenye vifungo vya shaba, ambalo halivui hata jua liwe kali namna gani.

— Mimi nilikimbia kelele kule, akaendelea Jenerali. — Nimekaa hapa nazeeka kwa amani, sasa mnaniletea kelele mlangoni. Nikimbilie wapi tena, sha? Niingie ziwani?

— Ukifika ng'ambo nisalimie Wakongo, alisema Bona, akimimina kahawa. Bona ni kifupi cha Bonaventura. Ni mtu wa kumimina zaidi kuliko kusema.

Hapo akatokea Mwasiti kutoka ufukweni, beseni kichwani, migebuka imefunikwa majani ya mgomba, mikia inachungulia nje.

— Wewe Abdulatif mwana wa Vitumbua! Toa hilo lesso lako barabarani nipite. Soko la Mwanga halinisubiri.

— Dada Mwasiti, haipitiki. Kuna baruti.

— Baruti yako iko mdomoni, tunaijua. Samaki wangu wameamka alfajiri, wewe ulikuwa bado unakoroma.

— Akipita mtu nafukuzwa kazi, dada. Kaa hapo unywe kahawa.

— Migebuka nayo inakunywa kahawa?

Alishusha beseni kivulini mwa mtumbwi kwa hasira, akakaa mwenyewe kwenye ncha, na wenye benchi wakajisogeza, maana Mwasiti hakuomba nafasi. Filimbi ya Oswald ikalia kule juu, ndefu, mara tatu. Kijiwe kikanyamaza. Dereva wa lori la mahindi, aliyekuwa amelala kwenye usukani nyuma yao, akafungua jicho moja.

Tuuu!

Mtumbwi ukaruka chini ya makalio. Vikombe vya Bona vikagongana, na kunguru wote wa Katonga wakaondoka kwa pamoja. Ngurumo akahamisha kokoto. Kushoto, kulia. Akajisikia mkubwa.

Tuuu!

Kushoto, kulia. Rahisi hivi! Angeendelea vile vile, leo hii tungekuwa hatuna hadithi. Lakini Stesheni alishusha kikombe chake, akasema polepole, akiangalia ziwani:

— Hizi ni baruti za kitoto. Babu yangu aliona zile za Mjerumani wakati wa kujenga reli. Moja tu ilikuwa inalia hapa, mtu wa Tabora anaacha kula. Ila Ngurumo hajui mambo haya. Huko Kahama alikuwa anashika bendera.

Jamani. Mtu unaweza kumtukana Ngurumo mama, baba na timu yake ya mpira, akacheka. Lakini ile bendera!

— Nani alikuwa anashika bendera? Mzee, nakuheshimu, lakini hapo umeniingilia. Mimi nilikuwa nawasha! Naingia shimoni peke yangu, nawasha tambi kwa sigara, nakaa chini, nakula ugali wangu, nanawa mikono, najifuta, ndipo naondoka.

— Na mboga gani? aliuliza Mwasiti.

— Nyama!

— Muongo. Machimboni ni maharage.

Tuuu!

— Siku hiyo ilikuwa nyama! Sikilizeni, nyie hamjui kupanga mashimo. Baruti si kuweka tu kama mbegu ya mahindi. Ina mpango wake. Ngoja niwaonyeshe.

Na mkono wake, bila kumwomba ruhusa, ukaingia mfukoni ukatoka na kokoto. Akazipanga juu ya mgongo wa mtumbwi.

— Hili ni shimo la katikati, hili linalia kwanza, linafungua tumbo la mwamba. Haya ya pembeni yanafuata. Hili la chini, hili ndilo baya, hili nilikuwa nalifanya mimi tu, wengine wote wanakimbia. Mzungu mwenyewe anakimbia!

— Anakimbilia wapi?

— Kwao!

Tuuu!

— Mimi wasiwasi wangu ni ziwa, alisema Stesheni, ambaye moto alishauwasha na sasa anaota. — Ukitingisha mlima namna hii, ziwa linahama. Si beseni hili? Ukiliinamisha upande huu, maji yote yanakwenda Kongo. Kesho mtaamka Katonga ni kiwanja cha mpira, na dagaa wote wanauzwa Kalemie.

— Ziwa haliendi popote, Jenerali akapinga. — Lina kina mno. Kinachoharibika ni masikio ya samaki. Samaki akiwa kiziwi hasikii injini ya boti, anakaa tu hapo hapo kama mkwe. Unamwokota kwa mkono. Mwaka huu mtakula samaki mpaka mkimbie nyinyi, mje kwetu Burundi, na sisi tuwapange foleni ya maharage.

— Na mablanketi, alisema Bona.

— Na mablanketi! Mmoja mmoja, na kidole kwenye wino!

Kijiwe kikaangua kicheko, na katikati ya kicheko, tuuu! au pengine lilikuwa lori, maana dereva alishuka akabamiza mlango na kuja kuomba kahawa. Ng'ambo ya ghuba mlima nao ukajibu kwa mwangwi wake. Ngurumo alisikia kitu, akachukua kokoto moja kutoka mfuko wa kulia, au wa kushoto, akaiweka kwenye mtumbwi kuwa mzungu.

— Huyu ndiye mzungu. Anakimbia. Mimi niko hapa. Tambi imebaki kiasi hiki, kama ukucha. Nikaizima kwa mate.

— Kwa mate! Mwasiti akashika kiuno.

— Kwa mate, dada! Baruti ukiizoea inakuwa kama mke. Inanukia ndizi mbivu, mnajua? Nilikuwa nikipata mafua nailamba kidogo tu, mafua yanahama mgodi.

Tuuu!

— Sasa mimi nasema hivi, Stesheni akapaza sauti juu ya mshindo. — Ziwa likihama, reli ifuate. Waongeze mataruma tu kidogo mpaka…

— Reli ifike Kalemie kufuata dagaa?

— Kwani dagaa watapandaje treni wasipofuatwa?

Tuuu! Labda tuuu nyingine. Jenerali alikuwa amesimama kwenye beseni la Mwasiti kuonyesha jinsi samaki kiziwi anavyokaa, Mwasiti anampiga na kanga, dereva anacheka mpaka kahawa inamtoka puani, na Ngurumo kapanda juu ya mtumbwi, mikono hewani, anaeleza jinsi alivyodakwa na mlipuko akarushwa juu ya mti na kushuka salama akiwa bado ameshika sigara inayowaka.

Halafu kukawa kimya.

Vumbi jeupe likashuka mlimani taratibu, likakaa juu ya vikombe. Filimbi ya kufungua barabara haikulia. Kila mtu akajikuta anamwangalia Ngurumo, na Ngurumo anaangalia kokoto. Nyingine zimepangwa kuwa mashimo, moja mzungu, mbili Jenerali alizifanya macho ya samaki, kadhaa zimeanguka mchangani katikati ya kokoto ambazo Mungu mwenyewe alizimwaga pale tangu kuumba. Akaingiza mkono mfuko wa kulia: mbili. Akaingiza wa kushoto: tundu. Tundu lile alilijua tangu Idi.

— Mungu wangu, alisema.

— Vipi? aliuliza Bona.

— Mishindo ilikuwa mingapi?

Kijiwe kilifurahi sana. Kwa kijiwe, hakuna zawadi kubwa kama swali.

— Saba! alisema Stesheni. — Nimehesabu kama mabehewa.

— Oya, hapana! Kumi, alisema Jenerali. — Mimi mishindo naijua, nimekulia humo.

— Umehesabu mwangwi wa ng'ambo wewe.

— Mwangwi nao si mshindo? Umelia, haujalia?

— Ngojeni, ngojeni, alisema Ngurumo, jasho linamtoka. — Tuhesabu kwa maneno. Wa kwanza na wa pili nilikuwa kimya, hiyo kweli.

— Kweli, mara ya kwanza tangu uzaliwe, alisema Mwasiti.

— Wa tatu ulilia kwenye nyama.

— Kwenye maharage.

— Dada, tafadhali! Wa tatu kwenye nyama. Wa nne mzungu alipokimbilia kwao. Wa tano…

— Wa tano ni mlango wa lori, alisema dereva. — Samahani, mlango wangu una matatizo.

— Mlango ulibamizwa baadaye, kwenye mablanketi!

— Kwenye mablanketi ulikuwa mshindo. Mlango ni kwenye foleni ya maharage.

— Foleni na mablanketi si yalikuwa pamoja?

— Na pale ulipoilamba baruti? Kulikuwa na mmoja au miwili?

— Alipoilamba ni mmoja. Aliporuka juu ya mti ndio miwili.

— Juu ya mti nilikuwa napiga kelele mimi mwenyewe! Ngurumo alilia. — Ile tuu moja niliipiga kwa mdomo!

Wakatazamana. Kweli bwana, tuu moja aliipiga kwa mdomo. Na ilikuwa nzuri, mpaka Bona alikuwa ameinama.

Kule juu, kwenye kona ya mlima, kikatokea kichwa kidogo chenye kofia ngumu. Oswald alikuwa anashuka kwa mwendo wake wa kupima kila jiwe kabla ya kulikanyaga.

Mwasiti akamvuta Ngurumo kwa ukosi wa shati. Sauti yake safari hii haikuwa ya ugomvi.

— Sikia wewe. Asubuhi niliwauzia samaki wale wachorongaji, watoboa mashimo ya baruti. Mmoja wao, Leonardi, kaniambia kwa mdomo wake, mashimo waliyochoronga ni tisa. Tisa. Yule mzee akifika, sema tisa. Unapata kazi yako, napata barabara yangu, kila mtu anakwenda nyumbani.

— Tisa! Si ndiyo katikati ya saba na kumi? alisema Stesheni. — Hata hesabu imekubali.

— Sema tisa, mwanangu, alisema Jenerali. — Ukipata kazi Kasulu, utaniangalizia ndugu zangu kambini.

— Tisa, alisema dereva. — Mahindi yanasubiriwa.

Tisa. Neno jepesi, linakaa vizuri mdomoni, na mdomo wa Ngurumo ulishabeba mazito kuliko hilo. Alijiona na kofia ngumu, anapita Ujiji juu ya gari la kampuni, mama yake ameacha vitumbua viungue. Alishafungua kinywa kulifanyia mazoezi. Lakini kuna jambo moja la Kahama ambalo hakuwahi kulisimulia kijiweni, kwa sababu halikuwa na mahali pa kuchekea: asubuhi moja alikuwa ameshika bendera yake, fundi akapanda kukagua mapema, na baada ya mshindo mmoja wa kuchelewa lilirudi buti, buti peke yake, likaanguka karibu na bendera. Lilikuwa limefungwa kamba vizuri.

Oswald akafika. Vumbi limempaka uso mzima isipokuwa macho. Hakusalimia mtu. Akageuza sikio zima.

— Mingapi?

Stesheni akaangalia ziwani, Jenerali akahesabu vifungo vya koti lake, Mwasiti akamkanyaga Ngurumo mguu, kwa nguvu.

— Kijana. Mishindo mingapi?

Ngurumo akameza mate, yale yale ya kuzimia tambi.

— Sijui, fundi.

Neno hilo halikuwahi kusikika kijiweni pale. Hata Bona aliinua kichwa kutoka kwenye birika.

— Hujui?

— Sijui. Nilikuwa nasimulia. Kokoto nimezifanya mashimo, moja nimeifanya mzungu. Hawa wanasema saba, wengine kumi, na mmoja niliupiga mimi kwa mdomo. Wameniambia niseme tisa. Tisa sikuisikia.

Oswald akaziangalia kokoto juu ya mtumbwi, akamwangalia yule mzungu. Kisha akavua kofia ngumu, akaipangusa, akasukuma kidogo beseni la migebuka kwa mguu, akakaa.

— Nilichoronga tisa, alisema. — Kwa sikio langu nimesikia minane. Njia nzima nashuka najiambia, wa tisa nimeukosa kwa uziwi tu. Ungesema tisa, ningegeuka hapa hapa nikapanda.

Kijiwe kizima kikaangalia chini. Mguu wa Mwasiti ukaondoka juu ya mguu wa Ngurumo, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

— Kwa hiyo tunafanyaje? aliuliza Stesheni.

— Tunakaa. Hapiti mtu mpaka nitakaposema mimi.

— Na samaki wangu? aliuliza Mwasiti, lakini kwa sauti ya kuuliza tu, si ya kudai.

— Wafunike vizuri, mama.

Wakakaa. Jenerali akanyoosha kikombe chake, Bona akalipindua birika: likatoa tone moja, likafikiri, likatoa chicha. Kahawa imekwisha. Kukaa kijiweni bila kahawa ni kitu ambacho hata Stesheni, pamoja na reli yake yote, hakuwa amewahi kukiona. Aliguna, akataka kusema kitu kuhusu behewa la chakula la zamani, akafungua mdomo…

TUUU!

Huu ulikuwa baba yao. Mtumbwi uliruka, birika likaanguka, kofia ya Oswald ikabiringika barabarani, na kule juu kisehemu cha Kisogo kilichokuwa kimebaki kikainama, kikafikiri, kikateremka chote barabarani kwa mlio wa gari la kokoto linalomwaga. Jiwe moja kubwa kama mbuzi likasimama pale pale ambapo fundi anayekagua husimama.

Mwasiti alikuwa amelishika beseni lake kwa mikono miwili. Akatoa mgebuka mmoja, mnono kuliko wote, akaulaza juu ya goti la Ngurumo, akarudisha majani.

— Huo ni wa ngapi? aliuliza Oswald, akiangalia mlimani.

Ngurumo aliokota kokoto moja mchangani, akapima mfuko wa kushoto kwa kidole, akakumbuka tundu, akaitia wa kulia.

— Wa kwanza, fundi. Tangu nilipofunga mdomo.

Oswald alikwenda kuokota kofia yake. Alipokuwa anarudi, ilionekana kama kitu kinamsumbua kwenye kona ya mdomo, kicheko au vumbi, haikujulikana.

— Minane yangu na huo ni tisa, alisema. — Lakini minane niliisikia kwa sikio moja, kwa hiyo siiamini. Bado tunasubiri. Na safari hii tunahesabu wote. Mtu asiseme neno. Wewe mama, kimya. Wewe mwenye vifungo, kimya. Wewe wa reli, hasa wewe. Na wewe, kijana, shona huo mfuko leo usiku. Kasulu kuna miamba mingi.

Ngurumo alitaka kuruka. Alitaka kupanda juu ya mtumbwi, awaambie Katonga, Ujiji mpaka Kalemie kwa Wakongo wenyewe. Maneno yalimjaa kifuani, yakapanda kooni, yakagonga meno kwa ndani. Akayabana. Akachomoa bendera kwenye ufa wa mtumbwi, akasimama barabarani, mgebuka kwapani, mkono wa pili mfukoni umeshika kokoto moja.

Na kijiwe kikanyamaza. Stesheni kimya, Jenerali kimya, Bona kimya na birika lake tupu, Mwasiti kajifunika kanga mdomoni kujizuia, dereva kakaa chini na mikono kichwani. Kuku walipita katikati yao bila wasiwasi.

Kutoka ufukweni akapanda mwanamke mmoja, mgeni, boti lilikuwa limemshusha asubuhi hiyo. Mzigo kichwani, mtoto mgongoni, kitambulisho kipya cha wakimbizi kinaning'inia shingoni. Jina limeandikwa hapo: Consolate. Alipoona barabara imezibwa kwa mawe, watu wameketi safu moja vichwa chini, wote weupe kwa vumbi, na kijana amesimama na kitambaa chekundu huku machozi yanamtoka, asijue ni ya furaha, akashusha mzigo wake taratibu. Akavua kandambili. Akakaa chini, mbali kidogo, kwa adabu ya mtu aliyeshakaa kwenye mikusanyiko mingi ya namna hiyo.

— Poleni sana, alisema kwa sauti ndogo. — Nani amekufa?

Hakuna aliyeruhusiwa kumjibu.